Barua ya Wazi kwa Kamati ya Muda ya Bandari ya Beirut, Kuulizia Mzigo Uliokusudiwa Beira

Kwa Wakubwa Watukufu, Wajumbe wa Kamati ya Muda ya Usimamizi na Uendeshaji wa Bandari ya Beirut. Na kwa Wakuu wa Forodha, wa Usalama, wa Jeshi na wa Mahakama, ambao kila mmoja kwa nafasi yake alipata nakala.

Ama baada ya salamu na taadhima ziwapasazo watu wa daraja yenu, nawaarifu kuwa mimi ni mtu wa pwani ya mashariki ya Afrika, si tajiri wala wakili wa tajiri, na haja iliyonishikisha kalamu ni ndogo: naulizia mzigo. Mwezi wa Septemba mwaka 2013 merikebu iitwayo Rhosus, yenye bendera ya Moldova, iling'oa nanga katika bandari ya Batumi, nchini Georgia, ikiwa imepakia tani 2,750 za nitrati ya amonia, na hati zake zikisema waziwazi kuwa shehena hiyo yapelekwa Beira, Msumbiji, kwa kiwanda cha baruti kiitwacho Fábrica de Explosivos Moçambique. Beira, kama wajuavyo mabaharia, ni jirani wa Sofala, na Sofala ndiko masultani wa Kilwa walikokuwa wakipeleka vyombo vyao kufuata dhahabu hata kabla Mreno hajatia tanga lake katika bahari hii. Kwa hiyo, ingawa mzigo haukuandikwa jina langu, ulikuwa unakuja kwetu, na kwa desturi ya pwani mzigo ukikawia njiani jirani naye ana haki ya kuuliza kulikoni.

Najua jawabu la kwanza litakalowajia ni kwamba mwenye mzigo mwenyewe hakudai. Ni kweli, kiwanda kile kilieleza baadaye kuwa kilipoona shehena haifiki kilinunua nyingine mahali pengine, na kwa kuwa malipo yalikuwa yatolewe mzigo ukishafika, hakikupata hasara ya kukikosesha usingizi. Basi naomba niandikwe mimi kuwa mdai, maana katika shauri hili lote, lililokaa mikononi mwenu miaka sita na miezi kadhaa, naona vyeo vyote vilikuwa na wenyewe isipokuwa hicho.

Merikebu ilipoingia kwenu mwezi wa Novemba mwaka ule haikuja kwa mapenzi ya nahodha. Igor Grechushkin, Mrusi aliyekuwa akikaa Saiprasi na ambaye ndiye aliyekuwa akikiamrisha chombo, alimwambia nahodha Boris Prokoshev kuwa fedha za kupitia Mfereji wa Suez hazipo, na kwamba apite Beirut achukue mashine nzito za kutengenezea barabara, azifikishe Aqaba, nauli yake iwe ndiyo ada ya mfereji. Mashine za kwanza zilipotuliwa juu ya sitaha, sitaha ikapinda, kwani chombo kilikuwa kimeundwa mwaka 1986 na kutu ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Nahodha akakataa kuendelea. Wakaguzi wenu wakapanda, wakatazama, wakakuta kasoro za kutosha kukizuia kisirudi baharini. Na wadai nao wakaja na hati zao za deni. Hapa, Wakubwa, insafu yanidai niwasifu, kwani mlitambua kwa macho yenu kuwa chombo kile hakifai kuibeba shehena ile katikati ya bahari, ambako ingaliweza kuwadhuru mabaharia wachache na samaki, mkaona afadhali ikae mjini.

Nahodha na wenzake watatu mliwaweka juu ya chombo kwa karibu mwaka mzima, juu ya nitrati, bila mshahara, hata nahodha akauza mafuta ya merikebu apate ujira wa wakili. Na mawakili waliposema mbele ya hakimu kuwa watu wale wanakaa katika hatari, waliruhusiwa kwenda zao. Watu waliondolewa katika hatari, na hatari ikaletwa kwa watu: mwezi wa Oktoba mwaka 2014 magunia yaliteremshwa na kuingizwa katika bohari nambari 12, hatua chache kutoka maghala ya nafaka ya taifa, na mwendo wa miguu kutoka mitaa ya Karantina, Gemmayze na Mar Mikhael. Merikebu yenyewe iliachwa kando ya ukuta wa kuzuia mawimbi, na mwezi wa Februari mwaka 2018 ikazama papo hapo bandarini kwa uzee.

Sasa nafika kwenye sehemu ya barua, na hapa naomba radhi nikikaa kitako, maana ndiyo iliyonifanya niwaandikie badala ya kuwapigia simu.

Wakuu wa Forodha waliandika tarehe 27 Juni 2014. Wakaandika tena tarehe 5 Desemba mwaka ule. Wakaandika tarehe 6 Mei 2015, na 20 Mei 2016, na 13 Oktoba 2016, na 27 Oktoba 2017. Barua zote sita zilikwenda kwa hakimu wa mambo ya dharura, na dharura hiyo, kama Wakubwa wanavyoona, ilidumu miaka mitatu na miezi minne bila kupoteza daraja yake ya kuwa dharura. Zilisema kuwa bidhaa ile ina hatari kubwa kwa bandari na kwa wafanyao kazi humo, zikatoa na njia za kuiondoa: irudishwe nje ya nchi, au ikabidhiwe jeshi, au iuziwe kampuni ya baruti ya hukohuko Lebanon. Jeshi lilijibu kuwa haliihitaji, kana kwamba lilikuwa limeulizwa kama lina njaa. Hakimu aliuliza kama jambo lile lamhusu yeye kwa sheria. Forodha badala ya kumjibu wakamwandikia tena, kwa maneno yaleyale, na wachunguzi wa Human Rights Watch, walioifungua faili hiyo katika taarifa yao ya Agosti mwaka 2021, walisema kuwa mlango uliokuwa ukibishwa haukuwa mlango wa shauri hilo, na kuwa wabishaji walikwisha kuambiwa hivyo zaidi ya mara moja.

Mimi, Wakubwa, simo katika kundi la wanaosema kuwa hamkufanya kazi. Faili ile ni kazi, na ni kazi ya watu hodari. Kila barua iliyopigwa muhuri iliiacha nitrati palepale ilipo, haikuisogeza hata shubiri, lakini dhima yake iliiondosha kutoka meza moja hata nyingine, na mwandishi wake akarudi nyumbani jioni hali mabega yake ni mepesi. Na kwa kuwa meza zilikuwa nyingi na miaka mingi, ikapatikana hali ya ajabu ambayo kila mkubwa aliijua hatari, na kila mkubwa alikuwa na ithibati kwa maandishi kuwa amekwisha kumwarifu mwingine. Ni usimamizi wa aina ya juu sana, na haishangazi kuwa kamati iliyowekwa kwa muda tu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mara vita vyenu vya ndani vilipokwisha, ilikuwa bado ya muda mwaka 2020. Kazi nzuri haina sababu ya kuharakishwa.

Wala msidhani nawalaumu kwa kutosoma magazeti. Baina ya barua ya tatu na ya nne, tarehe 12 Agosti 2015, bohari za kampuni ya Ruihai katika bandari ya Tianjin, nchini China, zilishika moto kisha zikalipuka, na nitrati ya amonia ilikuwamo. Wakafa na kupotea watu 173, wengi wao wazima moto waliopelekwa pasipo kuambiwa wanakwenda kumwagia maji kitu gani. Kabla yake kulikuwa na Texas City, Marekani, tarehe 16 Aprili 1947, ndani ya merikebu Grandcamp. Na kabla yake Oppau, Ujerumani, tarehe 21 Septemba 1921. Na katika kila moja ya miji hiyo miwili walikufa watu zaidi ya 500. Chumvi hii nyeupe ni pole ikiachwa peke yake, na mkulima huimwaga shambani kwa kiganja. Haiwaki kama mafuta, bali hubeba oksijeni yake yenyewe, na ikipashwa moto mahali palipobanwa, au ikiingiwa na taka za mafuta na vitu viwakavyo, yaweza kugeuka gesi yote kwa mpigo mmoja. Yenu ilikuwa na naitrojeni asilimia 34.7 na imeandikwa Nitroprill HD juu ya magunia ya tani moja moja, daraja itakiwayo na wachimba migodi, si na wapanda mahindi.

Nimesoma orodha ya vitu ilivyokaa navyo, kama ilivyokusanywa na wachunguzi wa Forensic Architecture, na nakiri kuwa niliisoma mara mbili. Tani 23 za fataki. Mabunda matano ya utambi wa baruti. Matairi ya gari zaidi ya 1,000. Tani 50 za fosfati ya amonia. Na tani tano za chai na kahawa. Mama wa nyumbani wa Kuze, Mombasa, au wa Mkunazini, Unguja, asiyejua kujaza hati wala kupiga muhuri, haweki kibiriti, mafuta ya taa na fataki za Idi katika kabati moja na majani ya chai. Lakini yeye hana kamati, na pengine ndiyo sababu. Magunia mengine yalikuwa yamechanika, unga umemwagika sakafuni, mlango mmoja hauna hali, na ukuta wa upande wa kusini una tundu.

Tundu hilo ndilo hatimaye lililowatia hofu. Mwanzoni mwa mwaka 2020 maafisa wa Usalama wa Dola walianza kuichunguza bohari. Mwisho wa mwezi wa Mei mwendesha mashtaka mkuu akaamuru iwekewe walinzi, ipewe mkuu wake, milango itengenezwe na tundu lizibwe. Waziri Mkuu, Hassan Diab, alikusudia kuizuru bandari mwezi wa Juni, akaahirisha. Tarehe 20 Julai taarifa iliwasilishwa kwake na kwa Rais, Michel Aoun. Naomba Wakubwa wanisamehe upumbavu wangu, lakini nimeyapima mashauri haya yote na naona kuwa hofu kubwa iliyokuwa imetawala ilikuwa ya wezi. Tani 2,750 za kitu kiwezacho kuuondoa mji zilikaa katikati ya mji, na baada ya miaka sita ya mawasiliano hatua moja iliyotekelezwa kwa mikono ya watu ilikuwa kuhakikisha kuwa mlango unafunga vizuri.

Mafundi wa kuchomelea walikuwa wakiushughulikia mlango huo siku ya Jumanne, tarehe 4 Agosti 2020. Kama cheche zao ndizo zilizouanzisha moto au sivyo, hakuna mahakama iliyokwisha kuamua, wala mimi siamui. Moshi ulionekana baadaye alasiri ileile, na kikosi cha zimamoto cha Beirut kilipeleka watu kumi, wanaume tisa na binti mmoja mwuguzi. Iko picha iliyopigwa dakika zile za mwisho: wanaume watatu, migongo yao kwetu, wanahangaika na kufuli la mlango wa bohari nambari 12 wapate kuingia ndani kuuzima moto. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri. Katika barua zenu zote, zilizojua jina la bidhaa, uzito wake, asili yake na hatari yake, hapana hata moja iliyokuwa imefika katika kituo cha zimamoto kilicho jirani na bandari.

Saa kumi na mbili na dakika chache za jioni, Beirut ilipasuka. Sauti yake ilisikika Saiprasi, ng'ambo ya bahari, zaidi ya kilomita 200. Walikufa watu wasiopungua 218. Waliojeruhiwa walikuwa kiasi cha 7,000, na waliokosa makao 300,000. Hospitali ya Saint George iliharibika hata wauguzi wakawa majeruhi wa kutibiwa uani. Maghala ya nafaka, yaliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa mkopo wa Kuwait, yalisimama baina ya bohari na upande wa magharibi wa mji, yakapokea kwa kifua sehemu ya kishindo hicho. Na ikiwa iko siku mtatoa nishani kwa mtumishi wa bandari aliyetimiza wajibu wake kwa watu, basi hayo maghala hayana mshindani miongoni mwenu.

Lakini mimi nilikuja kwa habari za mzigo, na hapa ndipo hesabu inaponishinda. Wachunguzi wa FBI kutoka Marekani, katika taarifa yao ya Oktoba mwaka 2020, walikadiria kuwa kilicholipuka ni tani 552 hivi. Shehena ilikuwa 2,750. Wako wasemao kuwa iliyobaki ilirushwa baharini bila kulipuka, na wako wasemao kuwa ilikwisha kutoroshwa gunia kwa gunia kupitia tundu lile mlilotaka kuliziba. Vyovyote viwavyo, ziko tani zipatazo 2,200 ambazo hazimo katika bohari, hazimo katika vitabu, na Beira hazikufika. Ikiwa mtazipata, tafadhalini msitupelekee.

Nije kwenye mahakama, ambayo kwa kweli ingestahili barua yake peke yake. Baada ya msiba iliahidiwa uchunguzi wa siku za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hakimu Fadi Sawan aliteuliwa, na mwezi wa Desemba mwaka 2020 akamshtaki Waziri Mkuu pamoja na mawaziri watatu wa zamani, ambao wote wamekana kosa. Mwezi wa Februari uliofuata Mahakama ya Kasasi, mahakama ya juu ya rufani, ikamwondoa, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba nyumba ya hakimu iliharibiwa na mlipuko, kwa hiyo hawezi kuwa mtu asiye upande. Nimeitafakari hoja hii kwa heshima, na naiona ina uzuri wake: kwa kuwa mlipuko uliufikia mji wote, hakimu mwadilifu ni yule tu ambaye siku ile hakuwa na dirisha. Akaja Tarek Bitar, na kesi za kumkataa zikamwangukia mfululizo hata kazi ikasimama. Oktoba mwaka 2021 maandamano ya kumpinga yakageuka mapambano ya bunduki katika eneo la Tayouneh mjini Beirut, wakafa watu saba. Mei mwaka 2022 wawili kati ya washtakiwa walirudishwa Bungeni kwa kura. Januari mwaka 2023, baada ya miezi kumi na mitatu ya kimya, Bitar alirudi kazini akamshtaki mwendesha mashtaka mkuu, Ghassan Oueidat, yuleyule aliyeamuru mlango utengenezwe. Naye Oueidat akamshtaki hakimu, kisha akawafungulia mahabusi wote 17 wa kesi hiyo. Mwaka uleule mahakama ya London, ambayo hapana kioo chake kilichovunjika, iliamuru kampuni ya Savaro, iliyosajiliwa huko na kuhusishwa na biashara ya nitrati ile, iwalipe fidia baadhi ya wafiwa. Bitar alianza tena kuhoji mapema mwaka 2025. Sisi tulio mbali huhesabu miaka. Jamaa za marehemu, wanaokusanyika na picha mikononi kila tarehe nne ya mwezi, huhesabu miezi.

Na msidhani kuwa mashahidi wa mambo haya ni wa kwenu peke yao. Nyumba za mji wenu hufagiliwa na watoto wake hulelewa na wanawake wengi waliotoka Afrika, Wakenya na Wahabeshi, waliofungwa kwa mwajiri mmoja kwa kanuni ya kafala. Na mwezi uleule wa Agosti mwaka 2020 mabinti wa Kenya, wengine hawana tena kazi wala pa kulala, waliweka kambi mbele ya ubalozi mdogo wa nchi yao mjini Beirut wakidai kurudishwa makwao. Baruti iliyokuwa ije kwetu iliwakuta wetu huko. Wala msije mkatujibu kuwa sisi ni watu wa kufundisha wengine na kwetu kuko shwari. Waulizeni wakazi wa Mbagala, Dar es Salaam, habari za ghala la silaha lililolipuka mwaka 2009, na wa Gongo la Mboto, mji uleule, mwaka 2011, nao watawaambia kuwa lugha ya barua zenu huku pia inasomeka.

Sidai fidia, Wakubwa, kwa kuwa ada ya bohari ya miaka ile yote, mkinipigia hesabu, huenda ikazidi thamani ya mzigo, nami sina cha kulipa. Naomba karatasi moja. Katika faili nimemwona aliyeuliza, na aliyejibu, na aliyekumbusha, na aliyesema halimhusu, na aliyepeleka nakala kwa wengine watano. Sijamwona aliyesema: na ikae hapo. Tani 2,750 haziingii bohari zenyewe kwa miguu, wala haziamui zenyewe kukaa miaka sita. Nipeni jina lake, na wadhifa wake, na tarehe. Au, kama walikuwa wengi, nipeni majina yao kwa mpangilio wa vyeo kama yalivyo katika bahasha zenu, na Hakimu Bitar apewe orodha hiyohiyo siku hiyohiyo.

Nakuombeni pia jambo moja dogo la kiofisi: barua hii msiipeleke kwa idara nyingine kwa hatua. Imeandikiwa ninyi.

Wasalaam,
Mdai wa mzigo, pwani ya Afrika Mashariki